Je, wajua kwa nini kamusi ya Wajerumani ina jina la mwalimu mkuu wa shule?

Wajerumani wakibishana kuhusu spelingi ya neno, ubishi unamalizwa na Duden, ile kamusi yao. Sasa Duden ni mtu kabisa, Konrad Duden, mwalimu aliyezaliwa 1829 karibu na mji wa Wesel.

Mambo hayakumnyookea mapema. Alianza chuo Bonn ila pesa ikakata, akaenda kufundisha watoto majumbani kwa watu, udaktari wake akaupata 1854, akafundisha tena majumbani hadi Genoa kule Italia, baadaye akaingia ualimu wa shule huko Soest. 1869 ndo akapewa ukuu wa shule ya sekondari ya Schleiz.

Na hapo Schleiz ndo kisa chenyewe kilipoanza, maana Ujerumani ya wakati ule haikuwa na spelingi moja. Chukua neno lao la bonde, huyu anaandika Thal, yule anaandika Tal, kila shule na utaratibu wake, na hata walimu wa shule moja wanapishana, kwa hiyo mtoto akibadilisha mwalimu kilichopata vema juzi leo kinapigwa mkasi. Duden akakaa na walimu wake wakaandika kanuni za shule yao, 1872 zikatoka kama kitabu.

1876 akawa mkuu wa shule Hersfeld, na mwaka huohuo akaitwa Berlin kwenye mkutano wa spelingi, ambao haukuzaa kitu. Mwenyewe alitamani watu waandike kama wanavyotamka. Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ilipotoa kanuni za mashule yake hazikufika huko alikotaka, lakini hakususa, alizichukua hivyohivyo akatunga kamusi ya maneno kama 27,000 ikachapwa Leipzig 1880, kwa sababu aliona bora nchi nzima iandike namna moja kuliko yeye kushinda hoja. Mimi hapo namvulia kofia.

Tatizo likawa Bismarck, chansela wa Ujerumani, aliyekataza spelingi mpya kwenye ofisi za serikali. Yaani kijana kafundishwa shuleni hivi, akipata ukarani anaambiwa andika kizamani! Kamusi ikaendelea kusambaa tu, 1892 Uswisi wakaikubali, na 1901 ukaitishwa mkutano wa pili Berlin, Duden naye yumo. Safari hii wakaelewana, Thal ikapoteza h yake, ingawa Thron, yaani kiti cha mfalme, kiliachiwa ya kwake mpaka leo.

Muda wote huo mzee alikuwa bado anaongoza shule Hersfeld, amestaafu 1905, akafariki 1911. Kamusi yenyewe ilikuwa na jina refu rasmi ila watu walishazoea kuitaja kwa jina la mtunzi, basi toleo la tisa la 1915 wachapishaji wakaliweka kabisa kwenye jalada: Duden.