Modeli ya mnyama katika utafiti wa jeraha la ugwe wa mgongo: maana yake na mipaka yake

Modeli ya mnyama ni jeraha linalosababishwa kwa makusudi kwenye ugwe wa mgongo (kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo) wa mnyama aliyelazwa kwa nusukaputi, mahali palipochaguliwa na kwa nguvu iliyopimwa, ili watafiti wafuatilie yanayotokea kuanzia dakika ya kwanza. Kwa binadamu hilo haliwezekani, maana kila ajali huumiza kwa namna yake na mgonjwa hufika hospitali saa kadhaa zimeshapita. Kumtaja mnyama peke yake hakutoshi. Modeli ni mnyama, aina ya jeraha na kipimo kitakachotumika baadaye, vyote kwa pamoja, na ukibadilisha kimoja umebadilisha swali linalojibiwa.

Mwaka 1911, daktari wa Marekani Alfred Reginald Allen alidondosha uzito juu ya ugwe wa mbwa. Aligundua kuwa akiuchana ugwe uliogongwa na kuondoa damu na majimaji yaliyojikusanya, mnyama hupata nafuu zaidi. Hapo ndipo ulipoanzia mgawanyo tunaoutumia hadi leo. Jeraha la kwanza ni pigo lenyewe, na huisha papo hapo. Jeraha la pili hufuata kwa saa, siku na hata wiki: mishipa ya damu huvuja, tishu hukosa oksijeni, glutamati (kemikali ambayo seli za neva hutumia kupeana ujumbe) humwagika na kuua seli za neva zilizokuwa hai, kisha uvimbe huongezeka. Dawa nyingi za kuokoa ugwe hulenga hili la pili.

Kwa sababu hiyo modeli ya kugonga ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayokaribia ajali ya binadamu, ambaye ugwe wake mara nyingi husagwa bila kukatika kabisa. Kwa panya mkubwa wa maabara, kazi huenda hivi. Mnyama akishalala, ngozi na misuli ya mgongo hufunguliwa, kisha tao la mfupa la pingili ya 9 au 10 ya kifua huondolewa taratibu ili ugwe uonekane, utando wake mgumu wa nje ukibaki mzima. Pingili za juu na chini ya hapo hubanwa kwa koleo ili zisicheze. Fimbo ya gramu 10 hushushwa mpaka iguse utando, huinuliwa kwa kimo kilichopangwa (milimita 12.5 kwa jeraha dogo, 25 kwa la kati, 50 kwa kubwa), kisha huachiwa. Mashine nyingine hazitegemei kimo. Zipo zinazopangiwa nguvu ya pigo, na zipo zinazopangiwa ugwe ubonyezwe kwa kina gani.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Koleo likilegea, mgongo hushuka pamoja na fimbo na nguvu hupotea. Fimbo ikigusa ukingo wa mfupa, ugwe haupati pigo kamili, na ikidunda hugonga mara mbili. Ikienda pembeni hata kidogo, mguu mmoja hupooza kuliko mwingine. Lazima mchoro wa mwendo wa fimbo uangaliwe kwa kila mnyama, na sheria ya nani ataondolewa kwenye jaribio iandikwe kabla ya kuanza. Kumwondoa mnyama baada ya kuona matokeo yake ni kujidanganya.

Modeli ya kubana hutumia klipu inayofungwa kuzunguka ugwe kwa muda uliowekwa, mara nyingi dakika moja. Inaiga ajali ambayo mfupa uliohama huendelea kuukandamiza ugwe. Modeli ya kukata, nusu au kabisa, haifanani na ajali nyingi za watu, lakini hatuwezi kuiacha. Ndiyo inayoweza kuthibitisha kwamba aksoni (uzi mrefu wa seli ya neva) imeota upya, kwa sababu baada ya kugonga mara nyingi zipo nyuzi chache zilizosalia, na ni rahisi kuziona ukadhani ni mpya.

Uangalizi baada ya upasuaji huamua matokeo sawa na pigo lenyewe. Mnyama huwekwa kwenye joto mpaka aamke, hupewa maji ya chumvi chini ya ngozi na dawa ya maumivu. Kibofu hakijikojoi, hivyo hukamuliwa kwa mkono mara mbili au tatu kwa siku. Kwa panya, ukojoaji wa kujiendesha hurudi takriban wiki moja hadi mbili baadaye. Mkojo ukibaki huleta maambukizi, na mnyama mgonjwa hatembei vizuri, kwa hiyo dawa nzuri inaweza kuonekana imeshindwa. Maabara nyingi hutumia panya majike kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi na hukamulika kwa urahisi, ingawa wagonjwa wengi wa jeraha hili ni wanaume.

Mwendo hupimwa kwa skeli ya BBB (herufi za majina ya waliyoitunga, Basso, Beattie na Bresnahan), iliyotolewa mwaka 1995, kuanzia 0 (miguu ya nyuma haisogei kabisa) hadi 21 (mwendo wa kawaida). Watazamaji wawili wasiojua mnyama yupi alipewa dawa humwangalia akitembea uwanjani kwa dakika nne. Pointi moja chini ya skeli si sawa na pointi moja juu yake, kwa hiyo wastani peke yake hupotosha. Ugwe wenyewe pia unaweza kuzalisha hatua bila amri ya ubongo, na kwa hiyo kupiga hatua hakuthibitishi kwamba njia kutoka ubongoni imeungana.

Tofauti za spishi ni nzito. Kwa panya mkubwa, tundu lenye majimaji hubaki palipoumia, kama kwa binadamu. Kwa kipanya, yaani panya mdogo wa maabara, nafasi hiyo hujaa tishu. Njia kuu ya amri za misuli kwa panya hupita upande wa mgongoni wa ugwe, ilhali kwa binadamu hupita ubavuni. Nguruwe wadogo husaidia kupima dozi na sindano kwenye ugwe wenye unene unaokaribia wetu, lakini matunzo yao ni magumu.

Pengo linalotusumbua zaidi ni mahali pa jeraha. Majaribio mengi hufanywa kifuani kwa kuwa mnyama hutunzika, huku zaidi ya nusu ya majeraha ya watu yakiwa shingoni. Modeli za shingo zipo, kwa kawaida za kuumiza upande mmoja tu ili mnyama aendelee kupumua na kula, na hupimwa kwa uwezo wa mkono wa mbele kushika punje ya chakula. Watu waliopooza mikono na miguu, walipoulizwa kipi warudishiwe kwanza, karibu nusu walichagua mikono.