Helmeti ya pikipiki: usiigonge kwa kidole, itazame ndani

Jina "kofia ngumu" limetuponza. Mtu akiingia dukani kununua helmeti, au elementi kama wengi wanavyoiita vijiweni, huigonga kwa kidole asikie kama ni ngumu, kisha anauliza bei. Wapo hata wanaopanda bodaboda wamevaa kofia za mafundi ujenzi, kwa sababu nazo ni ngumu. Sisi tunaotibu majeraha ya kichwa tunaomba kitu kimoja kabla hujatoa hela: igeuze, tazama ndani.

Chini ya kitambaa pawe na tabaka la povu kavu, la jamii ya lile linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi, ila limeshindiliwa zaidi. Unene wake uwe kama sentimita 2.5. Hilo ndilo linalookoa maisha. Ubongo ni laini, umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami kinasimama ghafla, lakini ubongo bado uko kwenye mwendo, unajibamiza kwenye mfupa, na mishipa ya damu inaweza kukatika hata kama fuvu halikupasuka. Povu likibonyea, kichwa kinapata nafasi ya kupunguza mwendo kabla ya kusimama. Helmeti yenye sponji ya kochi tu ndani, hata ing'ae vipi, haina kazi hiyo. Kofia ya ujenzi nayo ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu. Mtu akirushwa barabarani, inachomoka kabla yeye hajafika chini.

"Naendesha taratibu, siendi mbali." Kauli hii tunaisikia sana kwa ndugu wa majeruhi. Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita 1.5, pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kinafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa.

Sasa aina. Kwa dereva napendekeza inayofunika uso wote, yenye kidevu, yaani kinga ya mbele ya taya, kilichoungana na gamba gumu la nje. Anayerushwa mbele mara nyingi hutanguliza uso, na taya likivunjika unaweza kukaa wiki kadhaa ukinywa uji kwa mrija. Najua joto la Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana. Tafuta yenye matundu ya hewa, na kwenye foleni fungua kioo, usivue helmeti. Ipo pia ambayo kidevu chake hunyanyuka. Ni nzuri, lakini wengi huendesha wakiwa wamekinyanyua, na hapo uso unabaki wazi. Ya uso wazi inayoshuka kufunika masikio na kisogo inamfaa abiria asiyeweza kupata ya kufunika uso. Ile fupi kama bakuli, inayoishia juu ya masikio, simshauri mtu yeyote ainunue.

Nembo nazo zina maneno yake. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E na namba ndani ya duara, mara nyingi kwenye lebo iliyoshonwa katika mkanda. Namba ya kibali inayofuata ikianza na 06, imepimwa kwa toleo jipya. 05 ni toleo la nyuma yake. Ukiona herufi J, haina kinga ya kidevu. P, kidevu kinakinga. NP, kipo kidevu lakini hakikingi. Stika ya nembo hubandikwa na yeyote, kwa hiyo ukiiona, bado tazama povu.

Hata iliyo bora kabisa ikipwaya ni hasara. Pima kichwa kwa futikamba juu kidogo ya nyusi. Ukiivaa, mashavu yabanwe kidogo, na ukiizungusha, ngozi ya paji la uso ivutike nayo. Funga mkanda ukose nafasi ya zaidi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu, halafu mwambie mwenzako aishike kisogoni na kuisukuma kwenda mbele. Ikitoka, irudishe. Na mkanda usiofungwa ni sawa na kutovaa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini faida hiyo inataka ibaki kichwani hadi mwisho wa ajali.

Madereva, tafadhali msiifute kwa petroli. Petroli inayeyusha lile povu, na uharibifu huo unaweza kujificha chini ya kitambaa. Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida. Ikishapata ajali, inunuliwe nyingine hata kama kwa nje ina mchubuko tu, kwani povu lililobonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti ya mtumba ni kamari, hujui ilianguka wapi.

Abiria wengi wanaikataa kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na siwalaumu. Beba kitambaa chepesi cha pamba uvae ndani. Mtandio mwembamba nao unafaa, bila pini. Fundo la nywele lishushe shingoni, maana likikaa utosini helmeti inaelea juu yake. Kama unapanda bodaboda kila siku kwenda kazini, nunua ya kwako, na mtoto mnunulie ya saizi yake.