Barua ya Maandamano Si Ombi la Ruhusa

Wiki jana walifika ofisini kwangu, hapa Kisumu, wachuuzi wanne wa soko la Kibuye. Bando la siku wananunua alfajiri, ikifika saa nne halipo, na wakipiga huduma kwa wateja hawapati maelezo ya kueleweka. Sasa walitaka kuandamana hadi duka la kampuni hiyo ya simu. Mama mmoja anayeuza omena akafungua daftari la mwanawe, akanionyesha barua waliyomwandikia mkuu wa kituo cha polisi. Kichwa chake: OMBI LA RUHUSA YA KUANDAMANA.

Nikachukua kalamu, nikakata maneno matatu ya kwanza. "Mama, hapa andika TAARIFA."

Kosa hili naliona kila mara na linaniuma, maana ukishaomba ruhusa umejiweka mahali pa kunyimwa. Kifungu cha 37 cha Katiba kimekwisha kukupa haki ya kukusanyika na kuandamana, mradi uende kwa amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inadai tu umjulishe mkuu wa kituo kwa maandishi, kati ya siku 3 na 14 kabla, ukitaja mwandalizi, mahali, saa na njia mtakayopita. Shughuli yenyewe iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama wengine wameshatoa taarifa ya siku, saa na mahali hapo hapo, mkuu wa kituo anapaswa kukujulisha kwa maandishi vilevile. "Hapana" ya mdomo kutoka kaunta ya kituo haitoshi.

Mstari mwingine ulisema: "Tutafunga mlango mpaka meneja atoke." Huo niliufuta wote. Barabara ni ya umma, duka lina mwenyewe, na mteja anayetaka kuingia ana haki yake. Wakala wa kibandani naye anatafuta riziki kama ninyi. Kumtisha ashushe bango ni jinai. Novemba 2017 muungano wa vyama vya upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake wasusie Safaricom na kampuni nyingine mbili. Kususia ni hiari yako. Kumlazimisha jirani asusie, hapana.

Kulikuwa pia na bango lenye neno WEZI. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado ipo, na kampuni ina mawakili. Andikeni mnachoweza kuthibitisha: bando la alfajiri liliisha saa nne. Na kijana atakayejitolea kuangusha mifumo ya kampuni mkatazeni kabisa, kwani sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina kifungo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinawapa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia mkipata hasara. Kwa hiyo lalamikeni kwa kampuni kwanza, mtunze namba ya lalamiko, kisha mwende kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba tangu Aprili 2011 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile. Mama wa omena aliniuliza mara mbili.

Akaiandika barua upya mezani pangu, nakala mbili: moja ya kuachwa kituoni, nyingine ya kugongwa muhuri wenye tarehe na kurudi nayo nyumbani.