Kila simu na ukurasa wake? Dhana potofu kuhusu fomati za kurasa na milisho

Bado wapo mafundi wa tovuti wanaomwandikia mteja bei mbili: moja ya tovuti ya kompyuta, nyingine ya "toleo la simu". Mteja hulipa kwa sababu maelezo yanaingia akilini. Skrini ya simu ni ndogo, kivinjari chake ni kingine, basi na ukurasa uwe mwingine. Maelezo hayo yaliwahi kuwa kweli. Yalikoma kuwa kweli zaidi ya miaka 10 iliyopita, ila bei mbili zimebaki.

"Simu inahitaji lugha yake"

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo, ilihitaji. Simu za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kusoma HTML ya kawaida, yaani lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, ndipo ikaja WAP, mfumo wa intaneti wa simu hizo, na lugha yake, WML. Ukurasa wa WML uliitwa deki, na ndani yake mlikuwa na kadi, kila kadi ikitosha skrini moja. Kabla ya kufika mkononi ulipitia lango la kampuni ya simu, ambalo liliusaga kuwa baiti chache. WAP 2.0 ya mwaka 2002 ikaiweka WML kando na kuchukua XHTML iliyopunguzwa, yaani HTML inayofuata kanuni kali zaidi. Mwaka 2006 watu wakaanza hata kusajili majina ya .mobi, yaliyotengwa kwa ajili ya tovuti za simu.

Kisha iPhone ya mwaka 2007 ikaja na kivinjari kinachosoma HTML ileile ya kompyuta. Ujanja wake ulikuwa kujifanya kina skrini yenye upana wa pikseli 980, kuuchora ukurasa mzima, halafu kuupunguza hadi utoshee kiooni. Vivinjari vingine vya simu vikafuata njia hiyo, na ndiyo maana hadi leo ukurasa usio na tagi ya viewport, inayoiambia simu itumie upana wake halisi, huonekana kwenye simu kama gazeti lililobandikwa ng'ambo ya barabara. Tagi yenyewe ni mstari mmoja tu. Mei 2010 mbunifu Ethan Marcotte akaeleza yaliyobaki: mpangilio unaopimwa kwa asilimia, picha zisizovuka mipaka ya nafasi yake, na masharti ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) yanayouliza upana wa skrini. HTML moja, anwani moja.

Na kitochi je? Simu za KaiOS, mfumo wa simu za vitufe, zina kivinjari kinachotumia injini ya Firefox, kwa hiyo zinasoma HTML ya kawaida, ila kwenye skrini ya pikseli 240 kwa 320. Opera Mini nayo, iliyoenea duniani kuanzia 2006 na kupendwa sana na wenye bando dogo, ikiwa kwenye hali yake ya kubana sana haiufungui ukurasa kwenye simu. Seva za Opera ndizo zinazoufungua, zinaubana, kisha zinaituma simu picha ya mpangilio uliokwisha kuandaliwa. JavaScript, yaani programu iliyo ndani ya ukurasa, inaendeshwa hukohuko kwenye seva kwa muda mfupi, kisha inasimamishwa. Ukurasa unaosubiri JavaScript ilete habari baadaye unaweza kumfikia msomaji ukiwa mtupu. Dawa yake ni kuweka maandishi ndani ya HTML tangu mwanzo. Fomati ya pili haihitajiki.

"Seva iulize jina la kivinjari, kisha itoe ukurasa unaokifaa"

Jina hilo ni uongo wa kurithi. Katika miaka ya 1990 baadhi ya seva zilitoa kurasa zenye fremu (zilizogawanywa vipande) kwa kivinjari kilichojitaja kuwa Mozilla tu, yaani Netscape. Internet Explorer ilipokuja ikajitaja Mozilla ili isinyimwe, na wengine wakafuata. Leo Chrome kwenye Android inajitambulisha kwa pumzi moja kuwa Mozilla, AppleWebKit, "kama Gecko", Chrome na Safari. iPad tangu mwaka 2019 inajitaja kuwa Mac. Na Chrome ya iPhone kwa miaka yote imekuwa WebKit ya Apple ndani, kwa sababu Apple hawakuruhusu injini nyingine. Walianza kulegeza mwaka 2024, tena wakati huo kwa nchi za Umoja wa Ulaya tu.

Mahali ambapo fomati kweli hutofautiana kati ya kifaa na kifaa ni kwenye picha. WebP, fomati ya picha, ilitolewa na Google mwaka 2010, lakini Safari haikuikubali hadi 2020. Hata hapo huna haja ya kuuliza jina. Tagi ya picture inakuruhusu kuorodhesha AVIF, WebP na mwisho JPEG, kisha kivinjari chenyewe kikachukua ya kwanza kinayoielewa. Kivinjari cha zamani kisichoijua tagi hiyo kitaonyesha JPEG.

"XHTML ni HTML iliyo safi zaidi"

Hii imepungua, ila bado naikuta kwa watu waliojifunza kazi kwenye miaka ya 2000. XHTML 1.0 ilitoka mwaka 2000, na wengi wakaanza kufunga kila tagi kwa mkwaju (/) wakiamini wanaandika XML, lugha ya tagi yenye kanuni kali ambayo XHTML imejengwa juu yake. Lakini seva ilikuwa ikiutangaza ukurasa kuwa text/html, na kivinjari husikiliza tangazo la seva, si maandishi ya juu ya faili. Kikausoma kama HTML na kuupuuza ule mkwaju. Aliyetangaza ukweli, yaani application/xhtml+xml, alikuta Internet Explorer za kabla ya toleo la 9 la mwaka 2011 hazimwonyeshi kitu, na vivinjari vingine vinakataa ukurasa mzima kwa tagi moja iliyosahauliwa. Kazi ya XHTML 2 iliachwa mwaka 2009. HTML5 iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014 inaeleza hatua kwa hatua namna ya kuvumilia makosa, kwa hiyo vivinjari vyote huvumilia kwa namna moja.

"Milisho ilikufa pamoja na Google Reader"

Mlisho ni faili linaloorodhesha habari mpya za tovuti ili programu ya kisomaji izichukue yenyewe. Google Reader, kisomaji cha Google, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na Firefox ikaondoa kisomaji chake cha milisho katika toleo la 64, Desemba 2018. Kilichopotea ni kuonekana tu. Karibu kila podikasti unayoisikiliza kupitia Apple Podcasts imefika huko kwa mlisho wa RSS, fomati ya milisho iliyoenea. Tovuti ya WordPress ina mlisho tayari, ongeza tu /feed/ mwishoni mwa anwani. Blogu za Blogspot, ambako blogu nyingi za Kiswahili zilianzia, zinao kwenye /feeds/posts/default. Wenye tovuti wengi hawajui kwamba wanao.

"RSS 2.0 ni toleo jipya la RSS 1.0"

Namba zinapotosha. RSS ya kwanza, 0.90, ilitoka Netscape Machi 1999 ikitumia RDF, mfumo wa kueleza data. Miezi michache baadaye 0.91 ikaitupa RDF. Desemba 2000 kundi moja likatoa 1.0 na kurudi kwenye RDF, wakati mtunga programu Dave Winer akiendeleza ukoo wa 0.91 hadi kufikia 2.0, Septemba 2002. Kwa hiyo 2.0 haikuzaliwa na 1.0. Uchovu wa mvutano huo ndio uliozaa Atom, fomati nyingine ya milisho, iliyowekwa kuwa kiwango cha intaneti Desemba 2005.

Kwa podikasti, RSS 2.0, bila mjadala. Kwa maandishi ningechagua Atom, kwa kuwa inalazimisha kila habari iwe na kitambulisho na tarehe ya kusahihishwa, na inasema wazi kama kichwa cha habari ni maandishi matupu au HTML. RSS haisemi, kisomaji kinabahatisha. Lakini kama mfumo wako tayari unatoa RSS 2.0, uache ulivyo. Visomaji vinasoma zote mbili, na kumwekea msomaji vitufe vitatu vya mlisho uleule ni kumchanganya.

"Mlisho unafunguka kwangu, basi ni mzima"

Hapa Kiswahili kina mtego wake. HTML inasamehe, XML, ambayo milisho huandikwa kwayo, haisamehi. Andika ng'ombe kwenye kihariri kinachopenda kupamba alama, nacho kinaweza kuigeuza ritifaa kuwa ’ bila kukuuliza. HTML inaijua alama hiyo. XML, isipoongezewa maelezo, inajua tano tu: amp, lt, gt, quot na apos. Kichwa cha habari chenye ng’ombe kikiingia kwenye mlisho kama kilivyo, si habari hiyo pekee inayoharibika; faili zima linakoma kuwa XML. Vivyo hivyo "Simba & Yanga" ikiachwa na & tupu. Visomaji vingine hurekebisha kimyakimya, vingine hukataa, ndiyo maana mwenye tovuti huona kila kitu kiko sawa huku wasomaji wake wakikaa wiki bila habari mpya. Tumia UTF-8 (usimbaji wa herufi), andika ritifaa yenyewe, na & iwe &. Ndani ya CDATA (kipande ambacho XML hukichukua kama maandishi matupu), kwenye sehemu ya maelezo, ’ haina madhara, kwa sababu pale itasomwa baadaye kama HTML.

"PDF inafunguka popote"

Inafunguka, kusomeka ni jambo jingine. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili karatasi ionekane ileile kila mahali, na ukubwa wa A4 haujui kwamba umefika kwenye kioo cha simu. Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikiwekwa kama PDF, mtu anapakua faili zima kwa bando lake ili atafute jina moja, akivuta kwa vidole kushoto na kulia. Ikiwa ni karatasi iliyoskaniwa, hata kutafuta kwa kuandika jina hakuwezekani, na programu ya kumsomea asiyeona haina cha kusoma. Jedwali la HTML linabeba majina hayohayo kwa uzito mdogo zaidi. Barua yenye sahihi na muhuri ibaki PDF, kiungo chake kikae chini ya jedwali.