Kamera, Kiendeshi na Milia ya Taa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dukani petu, hatua chache kutoka Usita wa Mui mjini Lamu, huletwa kamera nyingi ambazo wenyewe wamekwisha kuzihukumu kuwa zimekufa. Mwalimu mmoja wa madrasa alileta yake ya USB, ambayo kila akirekodi darsa usiku chini ya taa za tyubu ilionyesha milia myeusi ikitambaa juu ya picha. Alikuwa amebadilisha programu tatu, akiamini kwamba programu ndiyo inayoiendesha kamera.

Dhana hiyo ndiyo iliyoenea zaidi, na si kweli. Katika Linux, ambao ni mfumo endeshi wa kompyuta, programu haiigusi kamera yenyewe. Hufungua faili, kwa kawaida /dev/video0, kisha hupeleka maombi kwa mwito uitwao ioctl, na kiendeshi, yaani sehemu ijuayo kuzungumza na kifaa, kilichomo ndani ya keneli, kiini cha mfumo huo, ndicho kinachoyageuza kuwa amri zinazopita kwenye waya wa USB. Utaratibu wa maombi hayo, Video4Linux2, uliingia katika Linux mwaka 2002, nao huiwezesha programu kuuliza kwanza kuna vidhibiti gani, yaani mipangilio ya kamera kama vile mwangaza, na kila kimoja kinaanzia wapi na kukomea wapi. Kwa hiyo si kweli pia kwamba kamera zote zina vidhibiti vilevile.

Tulipoandika v4l2-ctl --list-ctrls, amri ya kuorodhesha vidhibiti, mbele ya mwalimu, mstari mmoja ulitosha: power_line_frequency, thamani 2, yaani hezi 60. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa ya tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangiwa 60 huchagua muda wa kupokea mwanga usiolingana na kupepesa huko, na kutolingana huko ndiko kunakojichora kama milia. Tukaweka 1, yaani hezi 50, milia ikatoweka huku programu ya kurekodi ikiwa bado inaendelea, kwani kifaa kimoja chaweza kufunguliwa na programu mbili, moja ikipokea picha na nyingine ikibadilisha vidhibiti.

Wapo pia wanaodhani kwamba ukiomba utapewa ulichoomba. Picha za 1280 kwa 720 zisizobanwa, 30 kwa sekunde, zahitaji takriban megabaiti 55 kila sekunde, ilhali njia ambayo kamera nyingi za USB 2.0 hupitishia video haizidi 24 hivi. Kiendeshi hakigombi; hurekebisha ombi hadi kasi ambayo kamera inaiweza, tuseme picha 10, na kurudisha jibu, ambalo programu nyingi, kwa uzembe wa walioziandika, hazilisomi.

Mwisho, kufunga programu hakurudishi vidhibiti vilivyokuwa. Kwa kawaida thamani hukaa hadi kamera ichomolewe, na ndiyo sababu mwalimu, ambaye huichomoa yake kila baada ya darsa, aliondoka na amri ya kuweka 1 ikiwa imeandikwa nyuma ya daftari lake la mahudhurio.