Gauni la Diouana na aproni ya bosi

Kazi yangu ni kostyumu, navisha waigizaji, na kila nikipata msaidizi mpya namwambia kwanza akaangalie filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966. Ni fupi, halafu ni blaki endi waiti, kwa hiyo hakuna rangi za kukuzuga, unabaki na nguo tu.

Diouana ni binti wa Dakar, Wafaransa aliokuwa akiwalelea watoto wamemwita Antibes, kule Ufaransa, na yeye anajua anaenda kulea watoto na kula maisha. Anashuka melini kapendeza kinoma. Kufika, watoto hawapo, anaambiwa adeki na apike, na yote hayo anayafanya na gauni lake la madoadoa, hereni na mchuchumio, kwa sababu yeye kichwani hakuja kuwa hausigeli. Mdomoni hasemi kitu, yaani "ndiyo Madame" basi, ubishi wote uko kwenye nguo.

Na bosi, huyo Madame, anauona! Anamletea aproni, anamwambia hapa hujaja kwenye sherehe, baadaye anamwambia avue na viatu. Sasa utamu ni huu, kule Dakar bosi huyuhuyu ndo alikuwa anampa magauni na viatu vyake vya zamani. Kule akipendeza ni wema wa bosi, huku akipendeza ni kiburi chake.

Watu wa fani wanapenda kutaja filamu ya Psycho ya Hitchcock, 1960, Marion, mhusika wake, tunamuona na sidiria nyeupe, akishaiba dola 40,000 anavaa nyeusi na mkoba unageuka mweusi. Sawa, ni kazi safi, ila mi naona ni rahisi mno, kama taa za barabarani. Inakwambia moyo wake umegeuka, imeisha hiyo. Aproni ya Diouana inakuonyesha watu wawili wanagombana bila kelele.

Ndo maana nagombanaga na madairekta wanaotaka hausigeli awe na kanga iliyochanika toka sini ya kwanza. Mtazamaji atasubiri nini tena? Mi nauliza gauni alilipata wapi, nani alimpa, na nani linamkera, nikishajibiwa ndo naenda soko la Karume kuchambua mitumba.