Kwa nini dawa ya maumivu imfae mmoja na kumdhuru mwingine?

Je, wajua kwamba kidonge kinachomtuliza mmoja maumivu ya mgongo kinaweza kumfanya mwingine atapike damu?

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Lakini prostaglandini pia hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na husaidia damu kufika kwenye figo. Dawa haichagui: ikituliza goti, inapunguza na ulinzi huo.

Ndiyo maana mwenye vidonda vya tumbo, au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yumo hatarini kuvuja damu tumboni.

Kwenye figo hatari huja kimyakimya. Mtu mwenye afya akitumia dawa hizi siku chache, kwa kawaida figo zake huhimili. Mzee, mgonjwa wa figo au wa moyo, au aliyepungukiwa maji kwa kuhara na kutapika, figo zake hutegemea sana prostaglandini ili zipate damu ya kutosha. Wenye presha nao wawe macho, na hili naona halisemwi vya kutosha: dawa hizi huweza kuipandisha. Zikikutana na dawa za kukojoza pamoja na dawa za presha kama enalaprili au losartani, figo zinaweza kufeli ghafla.

Mjamzito aliyefikisha wiki 20 asizitumie bila ushauri wa daktari, kwani zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua. Mtoto mwenye mafua au tetekuwanga asipewe aspirini. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini.

Wengi wa hawa hushauriwa parasetamoli. Nayo ikizidi huua ini. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji sana wa pombe huhitaji kipimo kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, hivyo mtu huweza kuimeza mara mbili bila kujua. Soma pakiti, na umtajie mfamasia kila dawa unayotumia. Ukitumia aspirini, ibuprofeni au diklofenaki ukaona choo cheusi kama lami, acha vidonge hivyo uende hospitali siku hiyohiyo.